Kimbunga kikipiga Msumbiji, Bukavu ifanye nini? Mwongozo wa mvua na miteremko

Kimbunga chenyewe hakitafika Bukavu. Mji uko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na vimbunga vya kitropiki kwa kawaida huhitaji kuwa nyuzi 5 hivi au zaidi kutoka kwenye mstari huo ndipo upepo uweze kuanza kuzunguka. Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe kwamba "saikloni inaingia Kivu usiku huu", ufute na usimtumie mwingine. Habari ya kimbunga kilicho Bahari ya Hindi, hata hivyo, usiipuuze. Kimbunga kikubwa huvuta upepo na unyevu kutoka mbali, na kinaweza kutuletea mvua ya siku tano mfululizo au kutunyima mvua kabisa katikati ya Machi. Na mvua ikija juu ya udongo ulioshiba, mteremko wa Kadutu hapa Bukavu hauulizi imetoka wapi.

Watu wengi hupima hatari kwa upepo, kwa sababu redio hutaja kilomita kwa saa. Huko ni pwani. Barani, kinachoua ni maji.

Kimbunga kinapopanda nchi kavu kinakatiwa joto la bahari, ambalo ndilo kuni zake, na msuguano wa ardhi unakipunguza mbio. Ndani ya saa chache, au siku moja, upepo wake hulegea. Unyevu kilioubeba haupotei hivyo. Hukaa angani, husukumwa kwenye milima, hupanda, hupoa na kumwagika. Kadiri mabaki yanavyotembea polepole, ndivyo eneo moja linavyopigwa kwa muda mrefu. Harikeni ya Atlantiki na saikloni ya Bahari ya Hindi ni kitu kilekile, na hesabu hii ni moja kwa zote mbili.

Angalia ilivyotokea. Kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, lakini vitongoji vya Ngangu na Kopa huko Chimanimani, Zimbabwe, kama kilomita 200 kutoka baharini, vilizikwa kwa mawe na tope lililoshuka mlimani. Freddy iliingia Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi 2023, ikadhoofika, kisha ikasimama siku kadhaa karibu na kusini mwa Malawi. Blantyre, mji wa milima ulio kama kilomita 300 kutoka pwani, ndio uliolia zaidi, hasa mitaa iliyojengwa kwenye miteremko kama Chilobwe. Helene ilipiga pwani ya Florida tarehe 26 Septemba 2024, na Asheville, kama kilomita 600 kaskazini ndani ya milima ya North Carolina, ikafurika. Huko mvua ilikuwa imeanza kunyesha kabla mabaki ya kimbunga kufika. Udongo ulikuwa tayari umelowa. Mwaka 1998, Mitch ilisukuma kilima cha El Berrinche ndani ya mto Choluteca, katikati ya Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras, na mto ukazibwa.

Hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo ulio ufukweni. Na sisi tuna mfano wa nyumbani usiohitaji kimbunga: Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, tarehe 4 Mei 2023. Mvua kubwa, milima iliyonyolewa miti, vijito vinavyoshuka kwa kasi kwenye kijiji kilichojengwa vinapofungukia, na zaidi ya watu 400 waliokufa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mvua ya aina hiyo, iwe imevutwa na kimbunga au imekuja yenyewe.

Hatua ya 1: Jua kimbunga kiko upande gani wa Madagaska

Msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, mara moja moja hadi Mei. Kituo kinachovifuatilia ni cha Météo-France, kisiwani Réunion. Dhoruba hupata jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifika 118. Hali yake hupimwa upya kila saa sita, na saa zinazoandikwa ni za UTC: ongeza mbili upate saa ya Bukavu. Vipimo vya 00, 06, 12 na 18 ni 02:00, 08:00, 14:00 na 20:00 kwetu, na taarifa hutoka muda kidogo baadaye. Kuangalia mara mbili kwa siku kunatosha. Zaidi ya hapo unamaliza mega bure.

Kwa mtu wa Bukavu, nguvu ya kimbunga si swali la kwanza. Swali ni kiko wapi.

Kikiwa mashariki au kaskazini-mashariki mwa Madagaska, mara nyingi huvuta upepo wa magharibi kutoka msitu wa Kongo, ukapita juu ya Kivu kuelekea Ziwa Viktoria. Upepo huo ni mbichi. Machi 2018, Dumazile na Eliakim zilipokuwa upande huo, Kenya ilipata mvua isiyo ya kawaida. Hii ndiyo hali ya kukufanya ukague mitaro siku hiyohiyo.

Kikiwa katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kati ya Madagaska na bara, unyevu huelekea kuvutwa kusini. Afrika Mashariki inaweza kukauka, kama ilivyokuwa Machi 2019 wakati wa Idai, mvua za masika zilipochelewa. Mkulima wa Kabare au Walungu asikimbilie kupanda kwa sababu ya manyunyu mawili. Mwenye nyumba kwenye mteremko naye asilale: kimbunga kikishakufa, upepo hubadilika na mvua hurudi.

Kikiwa karibu na pwani ya Tanzania, hilo ni jambo la nadra, la mwisho wa msimu. Jobo mwaka 2021 ilikufa kabla ya kufika Dar es Salaam. Hidaya ilifika kisiwani Mafia mwanzoni mwa Mei 2024 ikiwa imedhoofika. Uzito wake kwetu uko kwenye tarehe: Aprili na Mei udongo wa Kivu umekunywa mvua tangu Septemba.

Ndugu zetu wa Lubumbashi wana hesabu tofauti. Wao wako karibu nyuzi 12 kusini, na msimu wao wote wa mvua ndio msimu wa vimbunga, kwa hiyo wafuatilie pia mabaki yanayovuka Malawi na Zambia. Goma nayo ina ardhi ya lava inayomeza maji haraka sehemu nyingi. Shida yake kubwa ni maji yanayoshuka na tope, na vyoo vinavyochanganyika na maji ya chini.

Hatua ya 2: Angalia upepo wa mita 3,000, kisha jumla ya mvua

Fungua ramani yoyote ya upepo ya bure, mfano Windy. Wengi huangalia upepo wa ardhini na kuona vishale vinavyozunguka ovyo juu ya ziwa; hivyo havikuambii kitu. Badilisha kimo uweke mita 3,000, ambako huandikwa 700 hPa. Bukavu yenyewe iko kama mita 1,500 na mlima Kahuzi unafika 3,308, kwa hiyo chini ya hapo milima inavuruga kila kitu. Vishale vikitoka mashariki, ni hali ya kawaida. Vikigeuka vikatoka magharibi, upande wa Maniema, na kubaki hivyo siku mbili au zaidi, jiandae.

Kisha weka jumla ya mvua ya siku 3 na ya siku 5. Linganisha modeli mbili za utabiri, ECMWF ya Ulaya na GFS ya Marekani. Zikikubaliana, chukulia kwa uzito. Zikitofautiana, chukua kubwa. Namba unayoiona ni wastani wa eneo la kilomita nyingi. Wingu moja la radi linaweza kumwaga mara mbili yake juu ya Panzi na kuiacha Nguba kavu. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ya lazima.

Hatua ya 3: Pima mvua ya kwako mwenyewe

Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako. Ndoo haifai: imepanuka juu, inakusanya mvua ya mdomo mpana na kuionyesha kwenye kitako chembamba, kwa hiyo inazidisha. Chupa ya maji ya lita 1.5 inafaa ikiwa haina kiuno. Ikate pale shingo inapoanza, geuza shingo iwe mdomo wa kumiminia, jaza kitako kwa kokoto na maji hadi palipo sawa, halafu chora mstari hapo: hiyo ndiyo sifuri. Kutoka hapo panda na rula, milimita kwa milimita.

Lifunge kwenye mti wa kigingi, mdomo uwe mita 1 hadi 1.5 kutoka chini ili tope lisirukie ndani. Liwe mbali na nyumba au mti, angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kwenye parsele za Kadutu hilo ni gumu. Basi liweke juu kabisa ya paa tambarare au kwa jirani mwenye uwazi, na msome pamoja. Soma kila asubuhi saa ileile, andika, mwaga, rudisha maji hadi sifuri.

Alama za kuanzia: milimita 50 ndani ya saa 24 ni mvua kubwa kwa kipimo cha watabiri wa kusini na mashariki mwa Afrika. Ikifika, kagua mteremko kabla ya giza. Jumla ya siku tatu ikipita milimita 100, wanaolala chini ya ukingo uliokatwa wahamie kwingine hata kama jua limetoka. Hizi si sheria za asili. Mteremko uliochimbwa mguuni ili kupata kiwanja huanguka kwa mvua ndogo zaidi. Andika kwenye daftari: siku hii milimita ngapi, mtaro ulijaa au haukujaa, ukuta ulivuja maji au haukuvuja. Baada ya msimu mmoja utakuwa na alama ya avenue yako, nayo ni bora kuliko yoyote iliyoandikwa hapa.

Hatua ya 4: Yatafutie njia maji ya bati

Hapa ndipo Bukavu inapojiangusha yenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina bati la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 40 inaliteremshia lita 1,920, yaani bidoni 96 za lita 20. Kama hakuna mfereji wa bati, bidoni hizo zote zinapiga mstari mmoja pembeni ya msingi, zinachimba, na zinazama kwenye udongo wa jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba kumi za mteremko mmoja.

Unachohitaji: mfereji wa bati upande mmoja au pande zote mbili za paa, ushuke sentimita 1 kwa kila mita, vishikizo kila sentimita 60 hadi 80, maana mfereji uliojaa ni mzito na ndiko unakovunjikia, bomba la PVC la milimita 110, tiyo ileile ya choo, kushusha maji, na pipa au tangi chini. Weka wavu kwenye mdomo wa bomba. Pipa likijaa, maji ya ziada yawe na bomba lake hadi kwenye mtaro wa mawe au wa saruji. Kosa la kawaida ni kuweka mfereji mzuri halafu bomba likaishia hewani juu ya korongo. Maji yote ya paa sasa yanapiga tundu moja, na ufa unaanzia hapo.

Jirani wa juu akiwa hana mfereji, nenda mzungumze kabla ya mvua, si usiku wa ugomvi. "Baba, maji ya bati lako yanashukia kwenye msingi wangu, tuchangie tiyo moja iteremke hadi barabarani" husikika vizuri kuliko kumpeleka kwa chef wa avenue, na hugharimu pungufu kuliko ukuta. Ikishindikana ndipo chef aitwe.

Hatua ya 5: Mtaro wa juu ya nyumba, na kwa nini mtaro mbaya ni hatari kuliko kutokuwa nao

Mtaro wa kukinga unapita juu ya nyumba, upande wa mlima, na kupeleka maji pembeni. Upana sentimita 40, kina 30 hadi 40, mteremko sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Ukiulaza zaidi, tope linatuama na kuujaza. Ukiusimamisha zaidi, maji yanachimba kitako chake.

Mtaro uliochimbwa tu kwenye udongo, bila mawe wala saruji, hukusanya maji ya mteremko mzima na kuyanywesha mstari mmoja. Unakuwa umechora mahali udongo utakapokatikia. Kwa hiyo usiupasue mtaro juu ya nyumba kama huna cha kuutandikia. Mawe na mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 4 unatosha. Kwa dharura, turubai zito lililokunjwa kingo na kushikiliwa na mawe, lakini hilo ni la wiki, si la msimu. Maji yake yafike kwenye mtaro wa umma au kijito chenye mawe. Kuyaelekeza kwenye parsele ya mwingine ni kumzika.

Safisha mara mbili kwa mwaka kabla ya yote: mwishoni mwa Agosti, na katikati ya Februari. Chupa na mifuko ya plastiki ndiyo adui wa kwanza. Zile zisizoziba mtaro wako zinashuka ziwani na kwenda kujikusanya kwenye bwawa la umeme la Ruzizi, na huko zinasumbua mitambo. Usirundike tope ulilotoa kwenye ukingo wa mtaro. Mvua ya kwanza italirudisha.

Chunguza pia maji yasiyo ya mvua: bomba lililopasuka ardhini, shimo la maji ya kuoga, choo kilichojaa. Mteremko uliolowa Julai, wakati mbingu ni kavu, una maji yaliyofichika. Tafuta chanzo wakati huo.

Hatua ya 6: Ukuta wa kuzuia udongo upumue

Kuta nyingi zinazoanguka hapa hazikushindwa na udongo; zimeshindwa na maji yaliyofungiwa nyuma. Kwa ukuta wa mawe wa hadi mita 1.5, kitako kiwe na upana wa nusu ya kimo, msingi uingie sentimita 50 kwenye udongo mgumu, na uso uegemee mlima kidogo, kama sentimita 10 kwa kila mita ya kimo. Nyuma yake weka kokoto unene wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu. Acha matundu ya bomba la sentimita 5 kila mita 1.5, safu ya kwanza sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Ukuta wa zaidi ya mita 2 ni kazi ya injinia, usimwachie fundi peke yake hata akiwa hodari.

Matundu yakitoa maji safi baada ya mvua, ukuta unafanya kazi. Yakikauka ghafla huku mvua inanyesha, yameziba. Yakitoa tope, udongo wa nyuma unahama.

Viroba vya udongo vinasaidia kwa muda mfupi kugeuza maji mlangoni. Jaza theluthi mbili tu, kunja mdomo chini yake, vipange kwa kupishana kama matofali, kitako kiwe mara tatu ya kimo, na vikanyage. Vilivyojazwa hadi kufura huacha mianya. Usivitumie kushikilia ukingo wa mita tatu: jua huoza mfuko ndani ya miezi, na ukuta mzima unamwagika.

Kuhusu miti, migomba haishikilii mteremko. Mizizi yake ni ya juu juu. Matete yaliyopandwa kwa mistari inayokata mteremko hushika udongo wa juu vizuri. Hakuna majani yatakayozuia mpasuko wa mita nne kwenda chini.

Na paa? Upepo wa radi hupeperusha mabati hapa kila mwaka, hata pasipo kimbunga. Badili misumari iliyolegea, piga kwenye mgongo wa bati si kwenye bonde lake, na funga kenchi kwenye ukuta kwa waya. Ondoa mawe yanayokandamiza bati. Yanashuka na mtu yuko chini. Kuhusu radi yenyewe, utafiti wa mwaka 2016 uliiweka Kabare, jirani zetu hapa, kuwa ya pili duniani kwa wingi wake. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya kuhesabu sekunde 30, iko ndani ya kilomita 10: ingia ndani, toka kwenye mtumbwi, acha mti.

Hatua ya 7: Soma mteremko kila siku ya mvua

Tembea juu ya nyumba yako, si chini yake tu. Ufa unaofuata umbo la mwezi mchanga juu ya ukingo ndio wa kuogopa zaidi. Piga kigingi kila upande wa ufa, misumari miwili juu yake, na upime umbali kati ya misumari kila asubuhi. Ukipanuka siku hadi siku, hata kwa milimita chache, hama leo. Wakati huohuo ziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na uufunike kwa turubai ili maji yasiingie. Kuufunika ni kununua muda wa kutoa vitu, basi.

Kwenye ukuta wa nyumba, paka kibandiko cha saruji juu ya ufa na uandike tarehe. Kikipasuka, nyumba inatembea.

Dalili nyingine: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unakwama, nguzo ya umeme au mti umeinama kuliko wiki iliyopita, chemchemi mpya chini ya ukingo, maji ya chemchemi ya zamani yamekuwa ya tope. Kwa wanaoishi kando ya Kawa au vijito vingine, dalili mbaya kuliko zote ni maji kupungua ghafla huku mvua bado inanyesha. Kuna kitu kimeziba juu, na kitakapofunguka vyote vitashuka pamoja. Pandeni ukingoni mara hiyo, msisubiri kuona.

Usiku wenyewe

Maporomoko mengi yanayoua hukuta watu wamelala. Mvua kubwa ikiendelea, hamishia watoto na wazee chumba kilicho mbali na ukingo wa juu. Nyumba ikiwa na korongo upande wa chini, hakuna chumba salama: nendeni kwa ndugu, kanisani au shuleni mahali palipo tambarare, kabla ya giza. Mpango huo uongee na shangazi au mjomba mwenyewe mwezi Septemba, ili usiku wa saa nane asishtuke.

Kando ya mlango kuwe na mfuko mmoja: kadi ya mpiga kura, hati za parsele na vyeti ndani ya plastiki, dawa, tochi, simu iliyojaa chaji, filimbi. Kwa familia ya watu 7, maji ya kunywa ya siku tatu ni lita 63. Weka bidoni 4 zilizofungwa.

Mtandao hukatika, kwa hiyo kubalianeni na nyumba za jirani ishara ya kelele: filimbi tatu ndefu, au kupiga sufuria mfululizo. Zima swichi kuu ya umeme kama maji yanaingia. Ukikimbia maporomoko, kimbia pembeni, usikimbie kufuata mteremko. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 husukuma gari dogo. Pikipiki usijaribu.

Baada ya mvua

Mteremko huendelea kushuka saa na siku baada ya mvua kukatika, kwa sababu maji ya juu bado yanazama. Mkikimbia, subirini ufa uache kutembea kwa siku mbili kamili kwenye vigingi. Usiruhusu vijana kuchimba mguu wa poromoko ili kuokoa mabati na mbao; huo mguu ndio unaoshikilia kilichobaki juu, na poromoko la pili limeua waokoaji mara nyingi. Kama mtu amefukiwa, mmoja asimame juu akitazama mteremko na filimbi mdomoni, wengine wachimbe wakitokea pembeni.

Maji ya bomba na ya chemchemi yachukulie kuwa machafu, kwa maana vyoo vimefurika na kipindupindu hakikosekani Kivu. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Tumia javeli isiyo na manukato wala rangi, yenye klorini ya asilimia 5 hivi: matone 2 kwa lita, yaani mililita 2 za sindano kwa bidoni ya lita 20. Maji yakiwa bado na ukungu, weka mililita 4. Koroga, funga, subiri dakika 30. Yanatakiwa yanukie klorini kidogo. Yasiponukia kabisa, rudia kipimo kilekile mara moja na usubiri tena. Yasiponukia hata baada ya hapo, yatumie kusafishia sakafu, na ya kunywa tafuta kwingine.